Ubao Ulio Chini ya Maji: Tusinunue Mashua kwa Kutazama Rangi

Wahenga wetu wamesema kuwa chombo cha kuzama hakina usukani. Ni methali ya hekima, nayo hutufaa tunapomfariji mwenzetu aliyefikwa na msiba asioweza kuuzuia. Lakini kwa muda mrefu sasa nimeona kuwa tumeigeuza methali hii kuwa pazia la kufichia uzembe wetu. Chombo kikivunjika, kikipotea njia au kikilala ufukweni bila ya kazi, husema kwamba ndivyo ilivyoandikwa, kisha kila mmoja akarejea nyumbani kwake. Hatuulizi nani aliyekichagua chombo kile, na alikichagua kwa kazi gani na kwa bahari ipi.

Leo nimekusudia kuzungumza na wananchi wa visiwani, pamoja na ndugu zetu viongozi wanaohusika na ununuzi wa vyombo, juu ya kipande kimoja cha ubao ambacho wengi wetu hatukioni kwa sababu kazi yake hufanyika chini ya maji. Nazungumzia mashua ndogo za tanga, zenye urefu wa mita 3 hadi 6, zile nyepesi ambazo huweza kupakiwa juu ya trela ya magurudumu mawili, zikavutwa na gari hadi ufukweni, zikashushwa na watu wanne. Mashua hizi hazina mkuku mrefu kama wa jahazi. Badala yake huwa na ubao unaoteremshwa majini kupitia upenyo ulio katikati ya chombo. Na ubao huo uko wa namna mbili, kila namna ikiwa na faida yake na hasara yake.

Sina haki ya kuwanyooshea wengine kidole kabla sijajinyooshea mwenyewe. Kwa hiyo nitaanza na kisa changu.

SAINI YANGU IMO

Mwaka 2018, katika msimu wa kusi, kikundi kimoja cha ushirika katika kisiwa kidogo nilichokulia kilipata mashua mpya ya tanga. Ilikuwa mashua nzuri ya faiba, urefu wake mita 4 na nusu, nyeupe, yenye mstari wa buluu ubavuni. Mimi nilikuwa miongoni mwa wajumbe watano wa kamati iliyoichagua, na saini yangu imo katika karatasi za mapokezi. Tulitazama rangi, tukatazama bei, tukalitazama tanga. Siku ya makabidhiano hotuba zilitolewa, na yangu haikuwa fupi. Hakuna hata mmoja katika sisi aliyeuliza mashua ile itafanya nini ubao wake utakapogonga mwamba.

Alikuwepo siku hiyo mzee mmoja, fundi wa vyombo aliyeunda ngalawa na madau tangu sisi tukiwa watoto. Alipanda mashuani, akauvuta juu ule ubao uliochomekwa katikati, akaupakata na kuupapasa kingo zake kama tulivyokuwa tukizipapasa mbao zetu za chuoni kabla ya kuziandika. Kisha akaurejesha mahali pake.

"Mwanangu," akaniambia, "huu ubao si mbaya. Lakini kwetu hapa maji yanakupwa."

Nikamjibu, "Naam, mzee wangu," nikaendelea kuwashughulikia wageni.

Haikutimia wiki ya tatu. Vijana watatu wa kikundi walitoka asubuhi kuvuka kwenda Unguja kupeleka samaki, na pamoja nao alikuwemo mwanafunzi mmoja wa skuli aliyekuwa akiuwahi mtihani. Ilikuwa siku ya bamvua, na maji yalikuwa yakipwa kwa kasi. Kusi ilikuwa ikiwavumia usoni, hivyo ilibidi wapige bisho; na ili chombo kipande joshi, ubao ulikuwa umeteremshwa wote. Katikati ya njia ubao ukagonga fungu la matumbawe. Mashua ikasimama ghafla kama punda aliyegoma, na waliokuwemo wakaangukiana.

Ubao haukuvunjika, na laiti ungevunjika! Nguvu yote ya pigo lile iliingia katika sanduku linaloushika ubao. Sanduku likapasuka pale linapoungana na sakafu ya mashua, na maji yakaanza kuingia. Ubao ukakwama, ukawa haushuki wala haupandi. Vijana walipofanikiwa kuung'oa kwa kuupiga kwa kasia, mashua ilikuwa haina tena cha kuishikia bahari. Kila tanga lilipovuta, chombo kiliteleza ubavu ubavu kuelekea demani, yaani upande ule upepo unakokwenda. Na kwa upande huo, wakati wa kusi, sisi hatuna kisiwa kingine. Ulioko huko ni mkondo mkubwa wa bahari tu.

Walikaa hivyo saa nne, mmoja akishika kana na wawili wakifua maji, mwanafunzi akiwa ameukumbatia mkoba wa madaftari yake. Aliyewaokoa ni mvuvi mmoja aliyekuwa akirejea na ngalawa kuukuu yenye tanga la viraka. Mwenyezi Mungu alituepusha na kubwa zaidi. Lakini mtihani ule ulimpita yule mtoto, na mashua ikapandishwa pwani, ikawa kivuli cha kuku. Nilipopita mbele yake nilikuwa nikitazama upande mwingine.

KWA NINI CHOMBO KIKAHITAJI UBAO

Baada ya tukio lile nilikwenda kwa yule fundi nikiwa mwanafunzi, si kiongozi. Mengi ninayoyaeleza hapa niliyapata kwake, na mengine nimeyapata katika kusoma. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mtu asiyekuwa baharia hudhani kuwa upepo hulisukuma tanga kutoka nyuma tu, kama mkono unavyosukuma mlango. Hivyo ndivyo mambo yalivyo chombo kinapokwenda na upepo. Lakini kinapotaka kupanda kuelekea upepo unakotoka, nguvu ya tanga hugawika sehemu mbili. Sehemu moja, iliyo ndogo, hukivuta chombo mbele. Sehemu nyingine, iliyo kubwa, hukisukuma ubavuni. Pasipokuwa na kitu cha kuipinga hii ya pili, chombo kitateleza kama gunia juu ya sakafu yenye mafuta.

Ubao ndio unaoipinga. Nao hauipingi kwa kusimama tu kama ukuta. Hufanya kazi mfano wa bawa la ndege, isipokuwa bawa hili limesimama wima ndani ya maji. Mashua inaposukumwa ubavuni kidogo, maji huupitia ubao kwa mshazari, na ubao ukazaa nguvu ya kuirudisha mashua upande wa joshini. Na kwa kuwa maji ni mazito kuliko hewa kwa kiasi cha mara 800 hivi, ubao mdogo huweza kulikabili tanga kubwa. Kanuni ambayo mafundi wengi wa mashua ndogo huifuata ni kwamba eneo la ubao lililo ndani ya maji liwe kiasi cha asilimia 4 ya eneo la tanga. Kwa mfano, tanga la mita za mraba 9 litatosheka na ubao wenye upana wa sentimita 30 unaozama mita 1 na sentimita 20.

Tofauti baina ya ubao mzuri na ubao mbaya si jambo la mashindano tu. Mashua inayoteleza kwa nyuzi 5, ikienda maili moja ya bahari, itakuwa imesukumwa demani karibu mita 160. Ile inayoteleza kwa nyuzi 15, kwa mwendo huo huo, itakuwa imesukumwa karibu nusu kilomita. Huo ndio umbali baina ya kuingia bandarini na kuipita bandari ukiitazama kwa macho.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa jambo hili. Mkuku mrefu ulionyoka wa dau na wa jahazi una kazi hiyo hiyo ya kuyashika maji. Hata ndubi za ngalawa, zile mbao mbili za ubavuni, hazikufungwa ziwe za kuelea tu. Zimelazwa kwa mshazari, na ile inayozama upande wa demani huyauma maji na kukipunguzia chombo mtelezo. Ndiyo maana ngalawa yenye gogo la duara lisilo na mkuku wa kutajika ikaweza kuwafikia vijana wetu siku ile.

ELIMU ILIYOTOKA PENGI

Wala tusidhani kuwa ubao wa kuteremsha ni uvumbuzi wa kiwanda cha juzi. Katika pwani ya Ecuador na Peru, huko Amerika ya Kusini, wenyeji walikuwa wakisafiri juu ya machelezo ya magogo mepesi ya balsa, na baina ya magogo hayo walichomeka mbao ziitwazo guara. Kwa kuinua ubao wa mbele au wa nyuma waliweza kuligeuza chelezo litakako. Wahispania Jorge Juan na Antonio de Ulloa waliieleza mbinu hiyo katika kitabu kilichotoka mwaka 1748. Nchini Brazil, wavuvi wa kaskazini-mashariki wanaotumia chelezo liitwalo jangada nao huchomeka ubao katikati. Waholanzi, ambao bahari yao ina mafungu ya mchanga kama yetu, walitundika mbao kubwa ubavuni mwa vyombo vyao, wakiziteremsha na kuzipandisha kwa kamba.

John Schank, afisa wa jeshi la wanamaji la Uingereza, aliunda mashua yenye ubao wa kuteremshwa wima huko Boston mwaka 1774. Fikra yake ilikuja kutumika katika merikebu ndogo ya tani 60 iitwayo Lady Nelson, iliyojengwa mwaka 1798 ikiwa na mbao tatu za namna hiyo, ikapelekwa kupima pwani za Australia kwa sababu iliweza kuingia maji haba. Kisha mwaka 1811, watu watatu wa ukoo wa Swain, wa New Jersey nchini Marekani, walipata hataza ya ubao unaozunguka juu ya pini moja, na aina hiyo ikaenea sana katika vyombo vya ghuba zenye maji haba za nchi hiyo.

Nimeyataja haya ili tuone jambo moja. Kila waliposhughulika na ubao huu, walikuwa ni watu wenye maji haba, mafungu na miamba, wanaotaka chombo kinachoweza kupanda joshi na bado kikapandishwa pwani. Watu hao ni kama sisi.

NAMNA MBILI ZA UBAO

Namna ya kwanza nitaiita ubao wa kuchomeka. Huu huingizwa kutoka juu, ukashuka wima katika sanduku jembamba, kama panga linavyoingia alani. Namna ya pili nitaiita ubao wa bawaba. Huu hukaa daima ndani ya sanduku lake, umeshikwa na pini moja upande wa mbele, na hushuka na kupanda kwa kuzunguka, mfano wa jani la mlango kwenye bawaba yake.

Ubao wa kuchomeka una sifa nyingi. Ni mwepesi na ni rahisi kuunda. Sanduku lake ni fupi, limezidi kidogo tu upana wa ubao wenyewe, hivyo halili nafasi ya watu na mizigo. Upenyo wake chini ya chombo ni mdogo, na maji hupita pale bila fujo nyingi. Hauna pini ya kuvuja wala ya kuliwa na kutu. Ukiharibika, huuchomoa ukaenda nao kwa fundi mkononi. Ndiyo maana mashua za kufundishia na za bei nafuu zimeupenda. Optimist, mashua ya watoto iliyochorwa na Clark Mills huko Florida mwaka 1947, ambayo gamba lake lina uzito wa kilo 35, inao. Mirror, ya mita 3 na sentimita 30, iliyochorwa na Jack Holt na Barry Bucknell nchini Uingereza mwaka 1962 ili watu waijenge wenyewe nyumbani kwa plaiwudi, inao pia.

Aibu yake ni moja, nayo ni kubwa: haujui kusamehe. Ukigonga mwamba haurudi nyuma. Ama ubao utavunjika, ama sanduku litapasuka, ama mashua itasimama na watu waanguke. Tena ukiinuliwa nusu, hujitokeza juu kama kigingi, ukazuia boriti ya tanga kupita chombo kinapogeuka. Na usipofungwa kwa kamba, mashua ikipinduka huweza kuchomoka na kwenda zake. Hilo ni hatari ambayo wengi hawaijui, kwa kuwa ubao huo ndio baharia anaoukanyaga ili kuisimamisha mashua iliyopinduka. Aliyepoteza ubao amepoteza ngazi yake ya kurejea.

Ubao wa bawaba ni kinyume chake. Ukigonga fungu, huinuka wenyewe, ukapita, kisha ukashuka tena. Baharia husikia mgongano tu, akapata onyo kuwa maji yamepungua. Huweza kuachwa katika kimo chochote bila kuzuia kitu juu. Tena una faida ambayo nahodha mjuzi huithamini: unapopandishwa kidogo, ncha yake huenda nyuma, na mahali chombo kinapoyashikia maji pakahamia nyuma pia. Ikiwa chombo kina ukaidi wa kugeuza omo kuuelekea upepo, kuupandisha ubao kidogo humpunguzia mshika kana mzigo. 420, iliyochorwa na Mfaransa Christian Maury mwaka 1959, ina ubao wa bawaba. Wayfarer ya mita 4 na sentimita 80, iliyochorwa na Ian Proctor mwaka 1957, nayo ni hivyo hivyo. Katika mashua ya aina hiyo, isiyo na sitaha nzima wala mkuku mzito, Mwingereza Frank Dye na mwenziwe walivuka kutoka Scotland hadi Iceland mwaka 1963.

Lakini nao una gharama zake. Sanduku lake ni refu karibu sawa na ubao wenyewe, likaigawa mashua vipande viwili katikati, na wavuvi wenye nyavu wanalalamika. Upenyo wake mrefu chini ya chombo huachwa wazi ubao unaposhuka, na maji yakachafuka humo na kupunguza mwendo. Pini yake huvuja isipotunzwa. Na adui wake mkubwa kwetu ni mchanga na vijiwe. Mashua ikiburutwa ufukweni, kijiwe kimoja kikiingia baina ya ubao na sanduku, ubao haushuki tena mpaka chombo kilazwe ubavu.

Basi ipi bora? Swali hilo halina jibu mpaka tuulize kwanza: bora kwa bahari ipi? Kwa ziwa lenye maji marefu, au kwa watoto wanaojifunza karibu na ufukwe mchanga mtupu, ubao wa kuchomeka unatosha, tena kwa fedha kidogo. Kwa pwani zetu, ambako siku za bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 4, na mahali palipokuwa na pima mbili asubuhi huonekana matumbawe makavu mchana, chombo cha kuvuka na watu na mizigo kingefaa kiwe na ubao wa bawaba. Kosa la kamati yetu lilikuwa kununua mashua ya bahari nyingine kwa ajili ya bahari yetu.

KUTENGENEZA TULICHONACHO

Hata hivyo, usemi wa kuwa tumekosea hautoshi. Mashua zilizokwisha kununuliwa haziwezi kutupwa. Mapema mwaka 2019 yule fundi na vijana wawili wa kikundi waliigeuza mashua yetu kutoka kivuli cha kuku ikarejea kuwa chombo. Hawakubadilisha namna ya ubao, kwani gharama ya kukata sakafu na kujenga sanduku refu ilikuwa kubwa. Waliuboresha ule ule wa kuchomeka. Nitaeleza walichofanya, maana yanaweza kufanywa katika kisiwa chochote chenye fundi na randa.

Kwanza, walilijenga upya sanduku na kuliimarisha kwa vipande vya mbao kulia na kushoto, vilivyogandishwa kwa gundi ya epoksi na kitambaa cha nyuzi za kioo, ili pigo lisiishie katika kona moja ya sakafu.

Pili, waliurefusha upenyo kidogo upande wa nyuma, wakatia humo kipande cha mpira laini. Ubao ukigonga, huubana ule mpira kwanza kabla ya kulifikia sanduku. Mpira ukiharibika hubadilishwa kwa dakika chache, na bei yake si kitu mbele ya bei ya sanduku.

Tatu, waliuchonga ubao mpya. Ule wa zamani ulikuwa plaiwudi bapa ya milimita 18, yenye kingo za mraba kama meza. Ubao wa namna hiyo huyakata maji kwa fujo na huwahi kuachia unapobanwa. Wataalamu wa mabawa ya ndege wa Marekani, katika kamati iitwayo NACA, walichapisha mwaka 1933 maumbo ambayo mpaka leo waunda mashua huyafuata. Mojawapo lina unene wa asilimia 12 ya upana, na mahali penye unene zaidi ni asilimia 30 kutoka mbele. Kwa ubao wa sentimita 30, maana yake ni unene wa milimita 36, sentimita 9 kutoka ukingo wa mbele. Ukingo huo wa mbele huviringwa, wala haunolewi kama kisu. Wa nyuma ndio unaokonda polepole hadi milimita 2 au 3. Fundi alikata kigezo cha umbo hilo katika kipande cha plaiwudi, akawa anaupimia ubao kila alipopiga randa. Alipomaliza aliniambia kwamba umbo lile alilijua siku nyingi: ni umbo la papa.

Nne, walitoboa tundu juu ya ubao, wakaufunga kwa kamba kwenye chombo ili usipotee mashua ikipinduka. Wakaweka na mpira wa kuvuta unaoushika ubao katika kimo chochote, usijishukie wenyewe.

Tano, walipiga alama tatu za rangi juu ya ubao: wote chini kwa kupiga bisho, nusu kwa upepo wa ubavuni, robo kwa kwenda na upepo. Maana ubao wote ukiwa majini wakati chombo kinakwenda na upepo ni mzigo wa bure, na ndio wakati wa kuukaribisha mwamba.

Kwa wale wenye mashua za ubao wa bawaba, matengenezo yao ni mengine. Wabadilishe pini ya chuma cha kawaida watie ya shaba nyeusi au ya chuma kisichoshika kutu, yenye pete za mpira pande zote mbili. Wafunike upenyo wa chini kwa vipande viwili vya kitambaa kigumu cha tanga, kimoja kila upande, vikutane katikati. Ubao hupita baina yake, na maji hayachafuki. Kamba ya kuushikilia ubao chini isifungwe kwa fundo la kudumu, bali ipitie kwenye mpira au kishikizo kinachoachia chenyewe kwa pigo. Nimeona ubao wa bawaba uliofungwa fundo gumu. Mwenye mashua ameulipia ubao unaosamehe, kisha kwa mkono wake akaunyima ruhusa ya kusamehe. Na kila wanapopandisha pwani, wasukume maji safi ndani ya sanduku kuondoa mchanga.

Kote duniani wenye mashua ndogo hufanya hivi. Kuna wenye mashua aina ya Sunfish ya Marekani waliouacha ubao wa zamani uliokuwa mfupi, wakachukua mrefu wenye umbo bora zaidi unaoingia katika tundu lile lile. Hawakununua mashua mpya. Haba na haba hujaza kibaba.

NENO KWA VIONGOZI

Ndugu zangu viongozi, sera ya uchumi wa buluu inazungumzwa katika kila mkutano, nami ni mmoja wa wanaoizungumza. Ni sera njema. Lakini uchumi wa buluu hauanzii katika makaratasi. Huanzia pale mvuvi anaposhusha chombo chake alfajiri na kukipandisha jioni, akiwa salama na samaki wake. Injini ni neema, wala siwaambii watu waziache. Hata hivyo injini huzima, mafuta hupanda bei, na siku hiyo tanga na ubao ndivyo vitakavyomrejesha mtu kwa watoto wake.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, nayo hayahitaji bajeti kubwa. La kwanza, kila kamati ya kununua chombo iwe na fundi wa vyombo na nahodha wa mahali husika, wala wasiitwe siku ya hotuba tu. Sheha anawajua, awataje. La pili, kabla ya saini kutiwa, chombo kijaribiwe katika maji yale yale kitakakofanyia kazi, tena wakati wa maji kupwa, siyo mbele ya wageni wakati wa maji kujaa. La tatu, yaulizwe maswali haya na majibu yaandikwe: ubao ukigonga mwamba, nini kitavunjika? Kikivunjika, nani hapa kisiwani anaweza kukitengeneza, na kwa vifaa gani? Mashua ikipinduka, ubao utabaki mahali pake? Mchanga ukiingia sandukuni, utatolewa vipi? Muuzaji asiyeweza kuyajibu maswali manne atakuwa anauza rangi.

Na kwa wananchi wenzangu nina neno moja. Tukikabidhiwa chombo chenye kasoro, tusinyamaze kwa kumwonea haya aliyekileta. Yule mzee alisema, lakini alisema mara moja, kwa upole, kwa mtu aliyekuwa ameshughulika. Heshima kwa viongozi ni jambo jema. Lakini heshima inayomwacha mtoto wa skuli saa nne katika mkondo haikuwa heshima. Naye kiongozi anayesikia neno la fundi kwa sikio moja, kama nilivyofanya mimi, hana haki ya kusema baadaye kuwa ilikuwa kudra.

Mashua yetu bado inafanya kazi. Ubao wake umegonga mara kadhaa tangu ulipotengenezwa, na kipande cha mpira kimebadilishwa mara mbili. Yule mwanafunzi alifanya mtihani wake mwaka uliofuata, akafaulu. Siku ya mtihani huo alivuka kwa mashua ile ile. Nilikwenda pwani kumuaga, na kabla hawajaondoka nilimuuliza nahodha maji yanakupwa saa ngapi.